Fundi akikuwekea batani ya honi, muulize eabegi iko wapi

Wiki hii naomba tutoke jikoni, tuingie gereji. Najua wapo watakaosema dada huyu ameishiwa mada za familia, lakini gari la nyumbani ni kama jiko la gesi. Linatusaidia kila siku, na linaweza kutuumiza kwa uzembe wa dakika kumi. Kisa chenyewe kimenitokea mimi, kwenye gari ninalopelekea wanangu shule.

Gari letu ni Toyota IST, ile ya zamani, ambayo hapa Dar es Salaam ukirusha jiwe hukosi kuipiga. Mwezi Machi mwaka jana ilianza kugonga mbele kila nikipita kwenye mashimo, fundi akasema raki ya steringi imekwisha. Nikaiacha gereji asubuhi, jioni nikaifuata. Kugonga kumeisha, usukani mwepesi, nikalipa nikaondoka. Nilipofika getini nikabonyeza honi mtoto aje anifungulie. Kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Hapo ndipo nilipoona kwenye dashibodi kuna kataa kekundu kanawaka: kamtu kamekaa kwenye kiti, mbele yake kuna duara kama puto.

Kesho yake nikarudi. "Mama, hiyo ni waya tu imelegea, dakika mbili," fundi akasema. Dakika mbili zikawa saa nzima, lakini nikarudishiwa gari honi inalia. Ila sasa hailii kwa kubonyeza katikati ya usukani. Ametoboa dashibodi upande wa chini, akaweka kabatani keusi kama ka kengele ya mlangoni. Na kale kataa kekundu hakapo tena. Nikauliza, "Na ile taa?" Akanijibu, "Nimeishughulikia mama, ilikuwa inakusumbua tu." Nikampa na hela ya soda. Naandika sentensi hiyo kwa aibu.

Nikaendesha hivyo miezi tisa. Shule asubuhi na mchana, sokoni Jumamosi, Kibaha kwa mama mkwe. Watoto wakazoea ile batani, wakawa wanagombea nani akae karibu nayo. Wageni wakiicheka, na mimi nacheka.

Desemba tukajiandaa kupanda Moshi. Shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, akasema safari ya zaidi ya kilometa 500 siyo ya kukagua oili na matairi peke yake, akanipeleka kwa mzee mmoja, fundi wa umeme wa magari. Mzee hakufungua hata boneti. Alikaa kiti cha dereva, akafungua swichi bila kuwasha injini, akaanza kuhesabu kwa sauti kama mwalimu wa chekechea. Moja, mbili, tatu. Taa zikawaka: ya oili, ya betri, ya breki, ya injini. Alipofika sita akanyamaza, akanigeukia.

"Mwanangu, eabegi ya gari hili iko wapi?"

Nikamwonyesha katikati ya usukani, pale palipoandikwa.

"Hayo ni maandishi. Nakuuliza taa yake."

Hapo naomba msomaji usimame kidogo, maana hili unaweza kulifanya leo hii kwenye gari lako na halikugharimu hata shilingi. Kwenye Toyota nyingi, ukifungua swichi, taa ya eabegi lazima iwake yenyewe, ikae kama sekunde sita, kisha izime. Hizo sekunde sita ni kompyuta ya mifuko ya hewa inajikagua. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, ama balbu imekufa, ama kuna mtu ameiua. Ya kwangu ilikuwa imeuawa. Mzee alipochomoa dashibodi ya saa tulikuta tundu la balbu liko tupu.

Wapo mafundi wajanja zaidi ya huyo wangu. Huchukua waya wa taa ya eabegi wakaunganisha na wa taa ya oili, ili ukifungua swichi iwake na ukiwasha injini izime, nawe uondoke ukiwa na furaha. Dawa yake ni hiyo hiyo ya mzee: fungua swichi lakini usiwashe injini, kisha hesabu. Taa ya oili itabaki inawaka kwa sababu injini haizunguki. Taa ya eabegi inatakiwa ikuache mapema, izime peke yake. Kama zinawaka na kuzima pamoja kama mapacha, ulizia. Na wapo wanaofunga kizuizi kidogo cha umeme mahali pa eabegi ili kompyuta idhani mfuko upo. Huo huwezi kuuona kwa macho mpaka usukani ufunguliwe.

Mzee hakuhitaji hata mashine ya kupimia kujua ugonjwa. Aliiona ile batani, akasema, "Spairo imekatika."

Spairo ndiyo kitu gani? Usukani unazunguka, gari lenyewe halizunguki. Lakini ndani ya usukani kuna vitu vinavyohitaji umeme: honi, mfuko wa hewa wa dereva, na kwenye magari mengine vibonyezo vya redio na simu. Ukipeleka waya wa kawaida pale, utajisokota siku ya kwanza na kukatika. Kwa hiyo chini ya usukani kuna kasha la plastiki la mviringo, ukubwa wa sahani ya kikombe cha chai. Ndani yake kuna ukanda mwembamba wenye nyaya, umekunjwa mizunguko mingi kama utepe wa kaseti za zamani. Ukikata kulia ukanda unajikaza, ukikata kushoto unajilegeza. Kwenye Toyota nyingi kasha hilo huweza kuzunguka kama mara mbili na nusu kila upande kutoka katikati, basi. Ukililazimisha zaidi ya hapo, ukanda unakatika.

Na nani alililazimisha la kwangu? Ukifungua raki ya steringi, usukani unabaki huru, haujaunganishwa na matairi. Hakuna kinachouzuia usizunguke mara nne au tano. Fundi makini huufunga usukani kwanza kwa mkanda wa kiti au kamba, matairi yakiwa yamenyooka, kisha ndipo aguse raki. Wa kwangu hakufunga, au alifunga kijana akafungua ili akae asikilize redio. Sijui na sitajua. Honi na eabegi vilikufa sekunde ile ile kwa sababu vinapita kwenye ukanda mmoja. Ndiyo maana siku hizi nikiona gari lina batani ya honi kwenye dashibodi, namwangalia dereva kwa jicho jingine.

Tuliporudi nyumbani nikamweleza baba watoto. Akasema, kwa utulivu ule wa wanaume wakitaka kuahirisha matumizi, "Mkanda si upo?" Sitaki kumsema vibaya mbele yenu, maana nusu ya alichosema ni kweli. Mkanda ndio wa kwanza. Zile herufi SRS zilizo kwenye usukani zinamaanisha mfumo wa nyongeza. Eabegi imetengenezwa kumsaidia mtu aliyefunga mkanda. Mfuko hujaa kwa muda wa kama sehemu 30 kati ya 1,000 za sekunde, haraka kuliko kufumba na kufumbua jicho. Mtu asiye na mkanda akirushwa mbele akakutana nao ukiwa bado unafunguka, unaweza kumvunja badala ya kumwokoa.

Lakini nusu nyingine ya maneno yake haikuwa kweli. Mkanda unazuia kifua, kichwa kinaendelea na safari. Kinachokingoja mbele ni usukani. Na anayeendesha gari hilo siku tano za wiki, watoto watatu wakiwa nyuma, ni mimi. Nikamwuliza nani atawachukua shule siku hiyo. Hakujibu, akaenda kuoga, na alipotoka akauliza kipuri kinauzwa wapi.

Tukaingia kwenye ubishi wa pili: kipya au cha mtumba. Cha mtumba tulikipata kwa nusu ya bei. Mzee akatushauri tuongeze, na sababu zake ziliniingia. Spairo mpya huja imefungwa katikati, kwa pini au stika, na stika hiyo haitolewi mpaka kipuri kimekaa mahali pake. Ya mtumba imechomolewa kwenye gari usilolijua, na mtu aliyekuwa na haraka, ikazungushwa na kila mteja aliyeishika dukani. Kuweka ya mtumba inawezekana, ila hujui ukanda umebakiwa na maisha gani. Kuhusu zile zinazofunguliwa na kuchomelewa kwa risasi ya kuunganishia redio, mzee alisema neno moja tu, nami siliandiki kwenye ukurasa wa familia. Tukanunua mpya kwa kutumia namba ya chasi iliyo kwenye kadi ya gari, kwa sababu spairo zinafanana kwa sura lakini soketi zake zinatofautiana. Mapazia ya sebuleni yakasubiri.

Siku ya kazi niliomba kukaa pale pale. Mzee akanipa kiti cha plastiki. Nitawaeleza nilichokiona. Sisemi kila mmoja wenu ashike spana. Nataka tu na wewe ukikaa kwenye kiti cha plastiki ujue unatazama nini.

Kwanza alinyoosha matairi ya mbele, akaweka usukani katikati, akatoa ufunguo akautia mfukoni mwake. Kisha akafungua waya wa hasi wa betri, akaufunga kitambaa ili usirudi kugusa. Halafu akakaa chini. Nilidhani amechoka. Kijana wake akaleta chai, mzee akanywa taratibu, na hapo ndipo aliponifundisha jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote siku ile. Kompyuta ya eabegi ina akiba yake ya umeme. Imewekewa hivyo makusudi, kwa sababu kwenye ajali betri inaweza kupondwa kabla mfuko haujafunguka. Kwa hiyo ukitoa betri, eabegi bado iko hai kwa muda. Vitabu vya Toyota vinasema ungoje angalau sekunde 90. Vya Honda na Nissan vinasema dakika tatu. Mzee yeye anangoja kikombe kimoja cha chai, kwa kampuni zote.

Ukiona fundi ametoa betri na dakika hiyo hiyo ameinamia usukani na bisibisi, au hakutoa betri kabisa, mwambie asimame. Usione haya. Sema mtoto anakuita, sema chochote, ila gari lisiguswe.

Pembeni mwa usukani kuna vifuniko viwili vidogo, na ndani yake skrubu zenye tundu la nyota ya pembe sita. Akazilegeza, kifuniko cha katikati kikaachia. Hicho kifuniko ndicho eabegi yenyewe. Nyuma yake kuna soketi ya njano. Kwenye magari mengi, nyaya na soketi za njano ni za mifuko ya hewa, ili kila fundi ajue hapo hapachezewi. Kijana akataka kuleta malitimita apime kama eabegi ni nzima. Mzee akamkemea mpaka na mimi nikashtuka. Eabegi haipimwi kwa mita, kwa sababu umeme mdogo wa mita yenyewe unaweza kuilipua. Akaibeba uso wake ukitazama mbali na mwili wake, akaiweka juu ya meza tupu, uso ukitazama juu. Nikauliza kwa nini isiwekwe kifudifudi, si plastiki yake itachubuka? Akasema ikilipuka ikiwa imetazama juu, mfuko unafunguka hewani. Ikilipuka ikiwa imelala kifudifudi, inajirusha yenyewe kama roketi. Watoto wa jirani waliokuja kuchungulia wakafukuzwa mpaka barabarani.

Usukani wenyewe ulishikwa na nati moja kubwa katikati. Kabla ya kuufungua alichora alama kwa kalamu nyeupe, nusu kwenye mhimili, nusu kwenye usukani, ili urudi pale pale ulipotoka. Wale ambao gari linakwenda sawa lakini usukani umepinda, huenda kalamu ndiyo ilikosekana. Nati hakuitoa yote. Aliiacha imeshika kwa mizunguko michache huku akiutikisa usukani, na ulipoachia ghafla nati ikauzuia usimpige usoni.

Spairo yangu ya zamani aliifungua mbele yangu. Ukanda ulikuwa umekatika karibu na mwisho, safi kabisa, kama umekatwa na mkasi. Nimeuhifadhi kwenye droo.

Ile mpya ilikuwa katikati tayari, lakini mzee akanionyesha inavyofanywa kwa isiyo na stika. Unaizungusha kwa mkono, taratibu, kinyume cha saa, mpaka uhisi imekaza. Hapo usiongeze hata kidogo. Kisha unairudisha kwa mwendo wa saa mizunguko miwili na nusu hivi, mpaka alama mbili zikutane. Hiyo ndiyo katikati. Ukiruka hatua hii utaona kila kitu kinafanya kazi, honi inalia, taa imezima, unalipa. Usukani wa gari dogo huzunguka kama mara tatu hivi kutoka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto, yaani mara moja na nusu kila upande. Kwa hiyo una akiba ya mzunguko mmoja tu. Aliyekosea katikati kwa mizunguko miwili, ukanda wake utakatika siku ya kwanza anapokata kona yote kwenye maegesho, na fundi atasema kipuri kilikuwa feki.

Mengine yalikwenda haraka. Mkono wa indiketa ukawekwa katikati, maana ukiwa umeelekea upande kuna kijino kinaweza kuvunjika usukani ukirudi. Nati ikakazwa kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Kwa gari langu ni nyutoni-mita 50. Kijana alishangaa kuona hakuning'inia na bomba. Soketi ya njano ikarudi na kufungwa kwa kile kifungio chake mpaka ikalia, kifuniko kikarudi, skrubu zikakazwa. Balbu iliyoibwa ikarudishwa kwenye dashibodi. Ndipo betri ikaunganishwa, na wakati anaunganisha hakutaka mtu yeyote awe ndani ya gari, hata mimi niliyetaka kuchukua pochi yangu.

Alifungua swichi akiwa amesimama nje, mkono umepita dirishani. Taa nyekundu ikawaka. Nikahesabu mwenyewe. Sita, ikazima.

Sasa neno kwa wenye magari mapya zaidi. IST yangu ni ya zamani, spairo ni kitu kimoja na swichi za indiketa na waipa ni kitu kingine. Kwenye magari mengi ya Ulaya, Volkswagen, BMW na Mercedes, vyote hivyo vimeunganishwa kuwa kasha moja lenye kompyuta yake, moduli ya nguzo ya usukani. Indiketa, waipa, honi, vibonyezo, ukanda wa eabegi, na juu ya hayo kuna kifaa kinachopima usukani umekatwa kwa nyuzi ngapi. Kipimo hicho kinapelekwa kwenye mfumo unaozuia gari lisiteleze. Mfumo ule hulinganisha unakotaka kwenda na gari linakokwenda, na ukiona havifanani unakamata breki ya tairi moja peke yake. Sasa fikiria umebadilishiwa moduli, unakwenda moja kwa moja, lakini kompyuta inaambiwa umekata kulia. Kwa hiyo kwenye magari hayo kazi haiishi kwa kukaza nati. Moduli mpya huhitaji kutambulishwa kwenye gari kwa mashine, na kipimo cha usukani kuanzishwa upya matairi yakiwa yamenyooka. Hata Toyota zenye mfumo huo wa kuzuia kuteleza zina hatua kama hiyo. Fundi asiye na mashine anaweza kuwa bingwa wa injini, lakini kazi hii mpe mwingine.

Kuna msomaji wa kiume aliyewahi kuniandikia kwamba kazi nyingi za gari anajifunza kwenye video za simu, anazifanya mwenyewe Jumapili. Namheshimu. Kubadilisha chujio la hewa, balbu, waipa, hata pedi za breki kama una uangalifu, fanya. Hii hapana, isipokuwa una kitabu cha gari lako lenyewe, vifaa vyote, na subira ya kunywa chai ukiwa huna kiu. Video ya mtu wa gari jingine haikuambii la kwako lina dakika ngapi za kungoja.

Na msikubali eabegi ya mtumba. Spairo ya mtumba nimesema inabishaniwa, lakini mfuko wenyewe sibishani. Mnakumbuka habari za kampuni ya Takata ya Japani. Mifuko yake, iliyofungwa kwenye magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na mengine mengi, ilibidi irudishwe kwa makumi ya mamilioni duniani, na kampuni ikafilisika mwaka 2017. Baruti ya ndani ilitengenezwa kwa amonia nitreti, na ilikuwa ikiharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ikilipuka, mtungi wa chuma unapasuka na kurusha vipande kwa dereva. Marekani peke yake wamekufa zaidi ya watu 25. Joto na unyevu wa miaka mingi: mimi nikisoma maneno hayo naona maegesho ya Kariakoo saa nane mchana. Magari mengi tuliyonayo ni ya miaka ile ile. Kampuni za Japani zina kurasa za mtandaoni unakoandika namba ya chasi ya gari, ile fupi yenye kistari katikati, ukaambiwa kama gari lako limo kwenye orodha ya kurudishwa. Mwombe mtoto wa kidato cha tatu akusaidie, tafsiri ya simu inatosha.

Kwa akina dada wenzangu wafupi: tunapenda kusogeza kiti mpaka tumekumbatia usukani. Kati ya kifua chako na katikati ya usukani paache angalau sentimeta 25. Nimepima kwa rula ya mwanangu, nilikuwa na 17. Sasa nimeinua kiti na kukirudisha nyuma, nimeweka na mto mdogo wa kukalia. Na zile nembo za kung'aa, vijiwe na maua ya kubandika katikati ya usukani, toeni. Mfuko ukifunguka ndivyo vinavyotangulia kufika usoni. Mtoto wa kubebwa mwenye kiti cha kutazama nyuma asikae mbele kwenye gari lenye eabegi ya abiria, kamwe, hata kama analia.

Tulipanda Moshi tarehe 22, tukarudi salama. Mapazia bado hatujanunua. Tundu la ile batani lipo pale pale kwenye dashibodi. Baba watoto anataka kulifunika kwa stika, mimi nimemwambia aliache kwanza. Mtoto wa mwisho bado huingiza kidole akasema "piiip".

Wiki ijayo nitajibu barua tatu za viti vya watoto vya kwenye gari, hasa ile ya mama wa mapacha aliyeuliza kama kiti cha mtumba kinafaa.